Kioo hakisubiri: kwa nini picha huchanika hata kadi ya grafiki ikiwa nzuri

Picha kwenye kioo (skrini) ikianza kuchanika, yaani kukatika vipande visivyolingana, au kusitasita, wazo la kwanza la wengi ni kununua kadi mpya ya grafiki. Mara nyingi kadi haina kosa lolote. Ndani ya kompyuta kuna saa mbili: kadi inachora kwa kasi yake, ambayo hupanda na kushuka kulingana na uzito wa kinachochorwa, na kioo kinachukua picha kwa kasi yake isiyobadilika, iwe kazi imekwisha au bado. Saa hizo zisipopatana, jicho linaona.

Kioo cha 60 Hz, yaani mara 60 kwa sekunde, kinataka picha mpya kila milisekunde 16.7. Cha 144 Hz kinaitaka kila milisekunde 6.9. Ndani ya muda huo CPU, chipu kuu ya kompyuta, iamue kila kitu kiko wapi na itume maagizo ya kuchora. GPU, chipu ya kadi ya grafiki, izichukue ncha za pembetatu na kupiga hesabu ya mahali zitakapoangukia kwenye kioo, itafute kila pembetatu inafunika pikseli zipi, ipate rangi ya kila pikseli, tena ilinganishe umbali ili ukuta wa nyuma usichorwe juu ya mtu aliyesimama mbele. Katika gemu za siku hizi kazi ya rangi ndiyo inayokula muda mwingi, nayo hukua pamoja na idadi ya pikseli: 1920×1080 ni pikseli 2,073,600, na 3840×2160 ni 8,294,400, mara nne kamili. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anachelewesha, shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli. Fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde) zikiongezeka, mzigo ulikuwa kwenye GPU. Zikibaki palepale, CPU ndiyo iliyoelemewa, na kadi mpya itakuwa hela ya bure.

Picha iliyokamilika hukaa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, huku fremu inayofuata ikichorwa kwenye bafa ya pili. Kwa baiti 4 kila pikseli, fremu moja ya 1080p (1920×1080) ni kama megabaiti 8.3. Kutoka hapo husomwa mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na kupelekwa kwenye waya. Mawimbi ya kawaida ya 1080p kwa 60 Hz yana mistari 1,125, si 1,080. Ile 45 ya ziada haibebi picha yoyote. Ni pumziko la takriban milisekunde 0.67 kabla kioo hakijaanza tena juu. Hapo ndipo mahali pekee pa kubadilisha bafa bila mtu kugundua. Ukiibadilisha wakati wowote mwingine, sehemu ya juu ya kioo inabaki na fremu ya zamani na ya chini inapata mpya. Ndiyo maana mchaniko huwa mstari wa kulala, na huonekana zaidi unapogeuza kamera kushoto na kulia, nguzo na milango inapokatika katikati. Mstari ukikaa karibu mahali pamoja na kutambaa polepole, fremu zako zinakaribia kulingana na Hz za kioo. Ukirukaruka ovyo, zimeachana mbali.

V-Sync, setingi ya gemu au ya kadi, inalazimisha kadi isubiri pumziko hilo. Mchaniko unaisha, lakini bei yake ipo. Kwa bafa mbili, fremu iliyochukua milisekunde 17 badala ya 16.7 imekosa treni, na treni haimsubiri abiria: itapanda ya pili, yaani kwenye milisekunde 33.3. Umechelewa kwa sehemu ya tatu ya milisekunde, umeshuka kutoka fremu 60 hadi 30. Bafa ya tatu inasaidia kwa sababu GPU inaendelea kuchora badala ya kukaa bure, ila mwendo bado unaweza kusuasua, maana fremu moja itakaa kiooni mara mbili na inayofuata mara moja. Na kinyume chake, kadi ikiwa na nguvu kupita kiasi, fremu hupanga foleni zikisubiri zamu na mausi huonekana nzito. Weka kikomo cha fremu chini kidogo ya Hz za kioo, foleni itapungua.

Dawa nzuri zaidi ni kukifanya kioo chenyewe kisubiri kwa kurefusha lile pumziko. NVIDIA, watengenezaji wa kadi, walitangaza njia yao ya kufanya hivyo, G-Sync, mwaka 2013, na mwaka 2014 VESA, chama kinachoweka viwango vya vioo, kikaongeza Adaptive-Sync kwenye kiwango cha waya cha DisplayPort 1.2a. Juu ya hiyo Adaptive-Sync ndipo ilipojengwa FreeSync ya AMD, mtengenezaji mwingine wa kadi. Kabla ya kununua, soma kioo kinakubali kuanzia Hz ngapi hadi ngapi. Kioo cha 48 hadi 144 Hz kinaweza kurudia fremu kadi ikishuka chini ya 48, kwa sababu hata 40 ikirudiwa mara mbili inakuwa 80, bado iko ndani. Kioo cha 48 hadi 75 hakina nafasi hiyo: mara mbili ya 40 ni 80, imepita.

Kosa la kizembe kuliko yote ni kununua kioo cha 144 Hz na kukiacha kwenye 60. Katika Windows fungua setingi za mfumo, ingia kwenye onyesho la hali ya juu, uone namba iliyochaguliwa. Ukiunganisha laptopu na TV ya 4K (3840×2160) na mausi ikasuasua, shida ni njia: 4K kwa 60 Hz inahitaji pikseli milioni 594 kwa sekunde, pamoja na zile za pumziko, na HDMI 1.4 mwisho wake ni milioni 340. Hapo utapata 30 Hz, au 60 kwa rangi zilizobanwa, na maandishi mekundu juu ya weusi yataonekana yamechakaa kingo. Laptopu ikiwa na HDMI 2.0 na bado inagoma, angalia menyu ya TV. TV nyingi hufunga uwezo huo hadi uuwashe wewe, tena kwa tundu moja moja.

Video nayo ina ugomvi wake. Televisheni za kwetu zinatumia mfumo wa 50 Hz, na vipindi vingi hurekodiwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukicheza taarifa ya habari ya namna hiyo kwenye laptopu ya 60 Hz, 60 kugawa kwa 25 ni 2.4, kwa hiyo fremu hukaa kiooni kwa zamu 2, 2, 3, 2, 3. Angalia maandishi yanayopita chini ya kioo, utaona yanatetemeka. Kioo cha 120 Hz kinamaliza tatizo hilo kwa filamu za fremu 24, maana kila moja inapata zamu 5, lakini 25 haigawanyiki humo pia. Kwa 25, kama kioo chako kinakubali, kiweke kwenye 50 au 100 Hz wakati wa kutazama.