Mivule miwili chini ya hadubini

Mvule una mawe. Seremala yeyote wa Busoga, Uganda, atakuambia, maana msumeno wake umeshakutana nayo: madonge meupe, magumu, yaliyojificha ndani ya mti na kumaliza meno ya msumeno. Mimi nilikutana nayo mwaka 2013 katika maabara ya misitu pale Makerere, kwenye kisu cha mikrotomu, ile mashine inayochana mti vipande vyembamba vya maikromita 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya milimita. Kisu kilipita vizuri, kisha kikakwaruza, na kila kipande kilichofuata kikatoka na mpasuko ule ule. Mzee wa maabara, mtu wa Bombo, akakichukua kibonge changu cha mvule na kudondoshea tone la asidi kwenye doa jeupe. Likatoa povu.

"Chokaa hiyo, binti," akasema. "Mti umeinywa huko ardhini. Geuza, tukate upande mwingine."

Vibonge vilikuwa viwili, na vyote alinipa baba mdogo. Sisi ni watu wa kota za reli Jinja. Babu alikuja na kazi ya reli, na Kiswahili ndicho tulichokulia nyumbani. Baba mdogo ni fundi seremala, na kauli aliyokuwa hachoki kuirudia ni kwamba mvule wa siku hizi si mvule. Kibonge cha kwanza alikikata kwenye fremu ya mlango ya zamani, kahawia iliyokolea, kizito mkononi. Cha pili kilikuwa kipande cha mbao alizonunua mwaka ule ule, chepesi, rangi yake imepauka, na tayari bungua walishaanza kukitoboa.

"Wewe ndiye unayesoma miti, mama," akaniambia. "Nenda ukaniulizie hao mivule wenyewe."

Nilichemsha vibonge mpaka vikalainika, nikavikata, nikapaka safranini iliyogeuza kuta za seli kuwa nyekundu, nikaosha kwa spiriti na kuviweka chini ya hadubini yenye kamera. Vijiti vingine nilivilaza kwenye mchanganyiko wa asidi ya siki na haidrojeni peroksaidi, katika joto la nyuzi 60. Kesho yake ukitikisa chupa, mti unaachana wenyewe, nyuzi zinaelea kama pamba iliyochambuliwa. Hapo ndipo unapoweza kupima urefu wa uzi mmoja mmoja. Sehemu hiyo ya kazi niliipenda kuliko zote, na mpaka leo nikisikia harufu ya siki nakumbuka chupa zile.

Upimaji wenyewe tuliufanya kwa ImageJ, programu iliyoandikwa na Wayne Rasband katika taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, na inayotolewa bure tangu 1997. Ilitengenezwa kwa ajili ya watafiti wa tiba, lakini yenyewe haibagui damu na mbao; inachoona ni nukta za picha tu. Kwanza unaipa kipimo. Unapiga picha ya kioo kilichochorwa rula ya milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, unavuta mstari juu ya rula hiyo na kuiambia mstari huu ni maikromita ngapi. Kisha picha inageuzwa kuwa ya kijivu, vivuli kuanzia 0 hadi 255, na unaweka kizingiti: kilicho cheupe kuliko hapo ni tundu, yaani mdomo wa mrija unaopitisha maji ya mti, kilicho cheusi zaidi ni ukuta. Unabonyeza, programu inahesabu matundu na kupima eneo na upana wa kila moja.

Nikabonyeza. Kibonge kipya kikaleta matundu machache, mapana kiasi. Fremu ya zamani ikaleta matundu kwa makumi katika kila milimita mraba, madogo madogo.

Ingekuwa habari tamu sana kwa baba mdogo. Mvule wa zamani umeshonana, matundu yake finyu, ndiyo maana mzito. Wa siku hizi umetoboka. Ningeweza kulichapa jedwali lile, akalibandika ukutani kwenye karakana. Lakini sikuliamini hata kidogo. Mvule unajulikana kwa matundu machache: katika orodha ya mwaka 1989 ya IAWA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa anatomia ya mbao, unaangukia daraja la chini kabisa, matundu 5 au pungufu kwa milimita mraba, na upana wake unaweza kupita maikromita 200. Matundu ya namna hiyo unayaona kwa lenzi ya mkononi. Hayo makumi yalitoka wapi?

Nikamwita Mzee. Hakuitazama kompyuta, aliinamia hadubini moja kwa moja, akazungusha gurudumu la lenzi polepole, halafu akaniachia kiti. "Tazama ndani ya tundu," akasema, "siyo ukingoni."

Ndani ya kila tundu la fremu ya zamani mlikuwa na utando. Vipovu vyenye kuta nyembamba, vilivyoloa wekundu wa safranini, vimebanana kutoka ukuta huu hadi ule. Ni tailosi. Mti unapozeesha sehemu yake ya ndani, seli za jirani hupenya kwenye mrija wa maji kupitia vijitundu vya ukutani, huvimba humo na kuuziba. Mrija hauchukui maji tena, na ukungu pia unapata shida kupenya. Programu iliona vijikuta vile vyekundu, ikakata tundu moja kubwa vipande vinane, tisa, na kila kipande ikakipa namba yake. Kibonge kipya hakikuwa na tailosi hata moja, kwa hiyo chenyewe kilihesabiwa sawasawa.

Kuna amri ya kujaza mianya, na kuna ya kutupa vipande vilivyo chini ya ukubwa fulani. Nilizijaribu zote mbili. Ya kwanza haisaidii pale utando umegusa ukuta wa pande zote. Ya pili inatupa vipande pamoja na tundu lenyewe. Ikabidi matundu ya fremu ya zamani tuyachore kwa mkono, kuzunguka kila ukingo kwa kipanya, huku Mzee akinionyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo matundu mawili yamegusana na mahali ambapo ni moja. Yeye alianza kazi enzi za kupimia kwa rula iliyo ndani ya lenzi, na jicho lake lilikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Majibu yakageuka chini juu. Mvule wa zamani ndio uliokuwa na matundu mapana na machache zaidi. Uzito wake ulitoka kwenye nyuzi, ambazo kuta zake zilikuwa nene na urefu wake ulizidi zile za kibonge kipya. Na kwenye kona ya kibonge kipya nikaona kitu ambacho karakana haikukitilia maanani: moyo wa mti, kile kidoa laini cha katikati kabisa.

Rafuni kulikuwa na kisahani kilichokatwa kwenye gogo la mvule mkubwa wa miaka mingi. Nikakata vipande vitatu, karibu na moyo, katikati, na karibu na gome. Kile cha karibu na moyo kilifanana na mbao mpya ya baba mdogo kwa kila kipimo nilichochukua. Mvule haukubadilika. Wazee walipasua magogo manene na kupata ubao wa mbali na moyo, uliokwisha kukomaa. Sisi tunaangusha mti ungali kijana, nao mwili wake wote ni utoto.

Nilipomweleza baba mdogo alinyamaza, akaomba picha zote mbili, akazishika karibu na dirisha.

"Kwa hiyo ningeujua hapo hapo nilipoununua?"

"Ndiyo, baba mdogo. Tazama kichwa cha ubao."

Asubuhi yake tukaenda wote kwa wauza mbao. Aligeuza kila ubao wa mvule na kukagua kichwa chake: moyo ukionekana, au mistari ikiwa imejikunja mviringo mdogo, anaurudisha. Mwenye mbao akakereka, akamuuliza anatafuta ufa gani. "Sitafuti ufa, kaka," baba mdogo akamjibu, "naangalia umri." Alipata mbao mbili tu, na hakuomba apunguziwe bei.