Msitu wa kambi, Masasi: barabara ya moto imeshika, na mchawi alikuwa majani

Oktoba 2025. Moto wa Septemba ulifika mpakani upande wa kusini, ukatambaa kwenye mstari wa nje wa barabara ya moto, yaani njia iliyosafishwa kuzuia moto, kwa mita 140 hivi, ukafa. Haukuvuka hata mahali pamoja. Misimu mitatu iliyotangulia ulivuka kila mwaka, na kila mwaka barabara ilikuwa imelimwa, imekaguliwa na kusifiwa. Mwezi huu zamu ilikuwa ya hesabu ya machipukizi ya visiki katika kipande cha 2 cha kuni, kimoja cha vile vinavyokatwa kwa zamu. Hesabu itasubiri, hili la moto haliwezi.

Kwa anayefuatilia kwa mara ya kwanza: msitu una hekta 31, ni miombo ya kawaida ya huku kwetu, mtondoro ukiongoza, mtogo mwingi kwenye udongo mwembamba, mninga na mkongo wa kutawanyika, mpingo kidogo kuelekea korongoni. Mzunguko wa mpaka ni kilomita 2.6. Karibu mita 500 ni jiwe tupu la mlima, halihitaji kitu zaidi ya kusafisha nyufa mbili zenye nyasi. Zinabaki mita 2,100 za kulinda, na nyingi zinapakana na mikorosho na mapori ya wazi ambako vijana huwinda panya. Moto wa kambi yenyewe, ule wa kuimbia usiku, haujawahi kuwa tatizo. Unawashwa kwenye uwanja wa mchanga na unazimwa kwa maji kabla ya watu kulala. Unaotutesa ni ule unaokuja na upepo wa kusi saa nane mchana, mwenyewe hajulikani.

Basi, majani. Barabara ililimwa Mei kila mwaka, mara tu mvua zilipokatika, kwa sababu udongo bado ni laini na jembe linaingia. Kazi nzuri: udongo mtupu, mita 3, bila jani. Lakini miombo hupukutisha majani kuanzia Julai hadi Septemba. Ile barabara ya Mei, ikifika wiki ya pili ya Septemba, chini ya mitondoro ina zulia la majani la sentimita 4. Majani ya miombo hayalali kama ya mwembe. Yanajikunja yakikauka, hewa inapita chini yake, na moto unatembea juu yake taratibu, kimo cha kifundo cha mguu, bila haraka. Mtu akiutazama kwa mbali anasema umezimika. Baada ya dakika ishirini uko upande wa pili, umeshakuta nyasi.

Kilichochelewesha kuelewa hili ni kwamba kila aliyekuja kukagua alikagua Juni.

Jibu lilipatikana kwa kusoma majivu. Mti uliopitiwa na moto huungua juu zaidi upande wa kisogo, yaani kule moto ulikoelekea, kwa kuwa miali hujikunja nyuma ya shina. Ukifuata mashina ukilinganisha weusi wa pande mbili, unarudi hatua kwa hatua hadi mahali moto ulipovukia. Misimu mitatu ilitoa vivuko 11. Vinane vilikuwa majani matupu juu ya udongo uliolimwa. Viwili vilikuwa magogo yaliyoanguka yakakatiza barabara, na moto ukapita ndani ya gogo kama kwenye bomba. Kimoja kilikuwa mti mkavu wenye uvungu, uliosimama mita 6 nje ya mpaka. Uliwaka siku mbili ukitema cheche kutoka juu, hadi moja ikapata nyasi ndani.

Hakuna kivuko hata kimoja kilichotokana na barabara kuwa nyembamba. Hilo lisemwe kwa sauti, kwa sababu dawa ya kwanza iliyotumika ilikuwa kupanua. Mwaka 2023 upande wa mashariki ulipanuliwa kutoka mita 3 hadi 5. Majani yakaanguka kwenye mita 5 sawasawa na yalivyoanguka kwenye 3. Mvua za Januari zikaja zikakuta mita 5 za udongo mtupu kwenye mteremko, na sasa kuna mfereji unaofika gotini ambao bado unajazwa mawe. Ukilima kwenye mteremko, weka tuta la kukingama kila mita 15, liinamie nje, urefu wa kiganja kilichosimama unatosha. Hii inaandikwa baada ya hasara.

Mpangilio wa sasa ni huu. Mstari wa nje mita 1.5, umelimwa hadi udongo mtupu. Halafu ukanda wa mita 8 usiolimwa. Halafu mstari wa ndani mita 1.5, nao umelimwa. Mei mistari miwili inalimwa, Juni ukanda wa katikati unachomwa kwa makusudi, kuanzia Agosti mistari inapulizwa majani mara tatu. Kwa jembe mtu mmoja anatoa mita 70 kwa siku akifanya kwa uangalifu, na jumla ya mistari ni mita 4,200, kwa hiyo ni siku 60 za mtu mmoja, au wiki moja ya watu kumi wakiacha mzaha. Fyekeo litangulie siku mbili kabla, nyasi zikauke. Panga kwa nyasi ni kujichosha bure, liache kwa vichaka.

Kuchoma ukanda. Kibali cha maandishi kwanza, na majirani waarifiwe. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka hivyo, na hata isingetaka, jirani mwenye mikorosho anayeona moshi bila taarifa ana haki ya kuja na rungu. Mwaka huu uchomaji ulikuwa Juni 11 hadi 14, kabla vijana wa kambi ya likizo hawajafika.

Kipimo cha nyasi ni mkono. Chukua konzi, pinda. Zikikunjika zote bila sauti, rudi nyumbani, utawasha viberiti pakiti nzima. Zikivunjika zote kwa mlio mmoja, umechelewa. Unataka nusu zikunjike nusu zivunjike. Halafu choma kipande cha mita 2 kwa 2 katikati ya ukanda: miali ikipita goti, subiri jioni zaidi. Muda mzuri huku ni kuanzia saa 10 alasiri. Joto linashuka, umande unakuja nyuma yako kukusaidia. Kuanza asubuhi ni kosa, kwa sababu kila saa inayopita moto unapata nguvu na wewe unapungukiwa.

Kusi hutokea kusini-mashariki, kwa hiyo ukanda wowote unawashwa kuanzia mstari ulio upande upepo unakoelekea, moto urudi ukipingana na upepo. Kwa mpaka wa kusini hiyo inamaanisha kuwashia kando ya mstari wa ndani kabisa, ubavuni mwa msitu wenyewe, na hapo ndipo watu wanapoogopa na kutaka kuwashia nje. Usikubali. Ukiwashia nje, upepo unaupeleka wote kwa kishindo kuelekea mstari wa ndani, na mita 1.5 si kitu mbele ya moto unaokimbia. Ukiwashia ndani, unatambaa kinyumenyume, mita 8 kwa robo saa hivi. Mita 2 za kwanza zikishakuwa nyeusi, unaweza kuwasha mstari wa pili mita 3 mbele ili uje kufia kwenye weusi. Inaokoa muda, lakini tu kama wenye mabomba ya maji wamesema sawa.

Watu wanane: wawili wa kuwasha, wanne wenye matawi mabichi ya kupigia, wawili wenye mabomba ya mgongoni ya lita 16. Mita 50 kwa wakati mmoja, msiendelee mpaka zile 50 zimezimika kingo zote. Mwenge wa nyasi haufai, unadondosha vipande njiani. Nondo ya mita moja na nusu, tambara limefungwa kwa waya, limechovywa dizeli tupu. Petroli hapana. Wanaopiga moto kwa matawi wapige kwa kukandamiza na kuburuta kuelekea kwenye weusi. Ukiinua tawi juu kwa hasira unarusha cheche msituni. Kesho yake saa 12 asubuhi zungukeni tena, hewa ikiwa baridi moshi mwembamba unaonekana wima kama uzi. Asubuhi ya Juni 12 nyuzi tatu zilionekana, zote kwenye vinyesi vikavu vya ng'ombe. Nani angedhani.

Sasa chombo kilichomaliza ubishi: mashine ya kupulizia salfa. Kila aliye na mikorosho anaijua, ile ya mgongoni ya kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ukiondoa unga, ni feni yenye nguvu kwenye bomba, na majani ya mtondoro hayaiwezi. Reki ya chuma ilikuwa inatoa mita 150 kwa saa kwa mtu mmoja, maana yake mistari yote ni watu wanne siku nzima, mara tatu kwa msimu, na mara ya tatu hakuna aliyekuwa anakuja. Mashine inamaliza mita 4,200 kwa saa tatu na mtu mmoja. Tangi la lita 1.5 linakwenda saa moja hivi. Oili changanya kama kitabu cha mashine kinavyosema. Yetu ni 1:50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na anayekisia kwa kifuniko cha chupa ndiye anayenunua pistoni mpya.

Kuazima si tabu kama ilivyodhaniwa. Salfa hupulizwa alfajiri, kabla upepo haujaamka na umande bado upo. Kufikia saa 3 asubuhi mashine imelala. Majani yanataka kinyume chake: mchana, yakiwa makavu, mepesi. Mashine moja, kazi mbili, hazigongani.

Tahadhari moja ambayo haina mzaha: salfa inawaka. Unga uliobaki kwenye tangi na kwenye bomba ni kitu cha kulipuka, na moshi wake unachoma kifua. Mimina, gonga, washa upulize mahali pa wazi dakika mbili, osha kwa maji, kausha juani. Na mashine hii isikaribie moto unaowaka hata kama ni safi. Ni ya kuandaa njia, haizimi kitu. Aliyewahi kupuliza kaa la mkaa anajua feni inafanya nini.

Jinsi ya kupuliza: mstari wa nje, sukuma majani kuelekea kwenye ukanda uliochomwa. Ukiyatupa nje unamtengenezea moto unaokuja kitanda pembeni mwa mstari wako. Mstari wa ndani, yasukume msituni, lakini yatawanyike, yasilundikane kwenye ukingo. Tembea na upepo mgongoni, mdomo wa bomba chini, pembeni kidogo. Duru za mwaka huu zilikuwa Agosti 9, Agosti 30 na Septemba 18. Ya kwanza ilikuwa mapema mno, majani mengi yalikuwa bado juu ya miti. Mwakani ya kwanza Agosti 20, na ya mwisho isogee Oktoba mwanzoni, maana wasafisha mashamba wanachoma hadi korosho zinapoanza kudondoka kwa wingi.

Magogo: msumeno, kipande cha mita 3 kinatolewa kabisa, kinapelekwa jikoni. Miti mikavu yenye uvungu ndani ya mita 20 za mstari ni suala gumu zaidi, kwa sababu ndimo nyuki na bundi wanamokaa. Kwa sasa inalimiwa duara la mita 2 kuzunguka shina, na mdomo wa uvungu ulio chini unazibwa kwa mawe na udongo. Imeshika msimu mmoja. Haijathibitika.

Kuni, kwa aya moja. Hekta 12 zimegawanywa vipande 12, kimoja kwa mwaka, kisiki sentimita 15 hadi 20, mkato wa kuinama maji yateremke, msumeno na si panga kwa sababu panga linachana gome na chipukizi hutokea chini ya gome. Mninga, mkongo na mpingo haiguswi. Matawi yapangwe mita 2 mbali na visiki. Yakiachwa juu yake, moto mmoja tu unaua kisiki chenyewe. Machipukizi yapunguzwe hadi mawili au matatu mwaka wa pili. Kipande cha 2 kimefikia hapo na kilipaswa kuhesabiwa tarehe 4.

Hakikuhesabiwa kwa sababu ya kilichoonekana kwenye ukanda uliochomwa. Nyasi zilipoondoka, zilitokea chipukizi za mninga kila hatua chache, ndogo, za kimo cha kiganja, kando ya vijiti vikavu vya mwaka jana. Mche wa mninga una tabia ya kufa juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, miaka mingi mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Ndiyo maana miche ya mninga kwenye viriba hutupwa ikidhaniwa imekufa, na ndiyo maana kupanda mninga mpya huku ni kazi ya kuvunja moyo. Hapa mizizi ipo tayari, ina umri wake, imekosa tu miaka miwili mitatu bila moto ili kichwa kipite juu ya miali.

Zilifukuliwa sita kwa vidole, shingoni tu, pale shina linapokutana na mzizi. Nne zilikuwa nene kuliko kidole gumba.

Jaribio ni hili: zenye shingo nene kuliko kidole gumba, ziachiwe chipukizi moja lililonyooka, palizi ya duara la mita moja, kigingi chenye rangi, na eneo lake litolewe kwenye uchomaji wa Juni 2026 kwa kusogeza mstari wa ndani uzipite kwa nje. Mahali pawili hiyo itafanya ukanda ubaki mita 5, na ubishi wa kama mita 5 zinatosha umeshaanza. Kwa ushahidi wa vivuko 11, zinatosha mradi majani yasiwepo. Vigingi 60 viliisha asubuhi ya kwanza, kwenye mita 400 tu za upande wa kusini. Vingine 150 vinachongwa kutoka mtogo wa kipande cha 2, ambacho bado hakijahesabiwa.