Nilivyowafundisha waongoza watalii kutumia "depend on"

Karibu kila kijana anayekuja kwenye darasa langu la jioni mjini Arusha, ambako ninawafundisha Kiingereza wanaojiandaa kuwa waongoza watalii, huja na sentensi ileile: "It depends with the rain." Wala si uvivu. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "inategemea na mvua", na hiyo "na" ndiyo inayovuka kwenda kwenye Kiingereza ikiwa "with". Kumwamuru mwanafunzi akariri "on" hakumfikishi mbali, kwa sababu siku akisahau hana pa kushika.

Nilianza na asili ya neno. "Depend" limetoka katika Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kuning'inia, kama embe linavyoning'inia tawini. Kinachoning'inia lazima kiwe na kinachokishikilia, na "on" ndiyo hututajia huyo mshikiliaji. Baada ya hapo niliwataka, kabla ya kufungua kinywa, wajiulize ni kipi kinachoning'inia na ni kipi kinachoshikilia.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kutenganisha maana, kwa kuwa "kutegemea" kwetu hubeba mizigo ambayo Kiingereza kimevigawia vitenzi kadhaa. Mgeni akiuliza nyumbu watavuka mto Mara lini, jibu ni "It depends on the rain", yaani jambo moja limefungwa na jambo jingine, na hakuna aliyemwahidi mwenzake chochote. Tukisema "My parents depend on me", tunazungumzia haja: nikiondoka, wao watapungukiwa. "Rely on" huelekea kwenye uaminifu uliokwisha kuonekana, kama wa dereva ambaye hajawahi kuchelewa. "Count on" ni matarajio, na kwa mwongoza watalii ndicho kitenzi cha kuogopwa, maana anayemwambia mgeni "You can count on seeing a rhino" kabla ya kushuka bonde la Ngorongoro, ambako faru weusi ni wachache na aghalabu huonekana kwa mbali, ametoa ahadi ambayo si yake kuitimiza.

Ili kuwazoeza, niliandika ubaoni methali mbili, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" na "Mtegemea nundu haachi kunona", nikawataka wachague kitenzi kwa kila moja. Ubishi ulikuwa mkali. Binti mmoja alishikilia kwamba ya kwanza ni "count on", kwa hoja kwamba mtu yule bado hajapewa kitu, anatarajia tu. Ya pili akaipa "depend on", kwa kuwa mwenye nundu anakula kweli na bila hiyo asingenona. Wengine walitaka "rely on" kwa zote mbili. Nilimpa binti ushindi, ingawa nakiri kwamba mwalimu mwingine angeweza kuamua vingine.

Sarufi yenyewe haikutuchukua muda mrefu. Kitenzi na "on" haviachani, hivyo tunasema "count on me" na kamwe si "count me on". Tukitaja sharti la aina ya ndiyo au hapana, tunatumia "whether" badala ya "if". Penye ugumu ni kwenye swali, kwa kuwa "on" hubaki mkiani peke yake, "What does it depend on?", na mzungumzaji wa Kiswahili huiacha, kwani kitenzi chetu humpokea mtendwa moja kwa moja. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mazungumzo ya wawili wawili: mmoja anasema "It depends" na kunyamaza, ambavyo ni sahihi bila "on", na mwenzake analazimika kuuliza swali hilo zima kabla hajajibiwa.

Lililobaki ni "independent", ambalo huchukua "of". Walioishika "on" kwa bidii kuliko wenzao ndio wa kwanza kuniandikia "independent on", na kwa hiyo neno hilo siku hizi nalifundisha mwisho kabisa, peke yake.