Bidoni lenye tundu na memwari yangu ya hesabu

Watu wengi wakisikia unamaliza hesabu chuoni, wanadhani kinachokusumbua ni ugumu wa hesabu zenyewe. Ugumu upo, na mimi niliufuata kwa kuupenda. Kilichonichosha mwaka ule wa mwisho hapa Lubumbashi ni kingine. Uthibitisho wa kurasa tatu unataka ukae nao saa nyingi mfululizo, kichwa kimetulia, na saa za namna hiyo hazipatikani kwa mwanafunzi anayeishi nyumbani kwao.

Tunakaa Katuba, komini mojawapo ya Lubumbashi. Laini kubwa ya umeme inayotoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilianza kazi mwaka 1982 ili kulisha migodi ya Katanga, na mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba nyaya kupita juu ya mji si sawa na taa kuwaka chumbani. Umeme ukirudi usiku wa manane, nyumba nzima inaamka: huyu anapiga pasi, yule anachaji simu, redio inalia, na wewe uliyekuwa unausubiri ili usome, huna pa kukaa. Asubuhi kuna maji ya kuchota, kisha teksi-basi ya kugombania, kisha kumsubiri direkta wa memwari, yaani mwalimu anayesimamia kazi yangu ya kumaliza chuo, kwenye korido pamoja na wenzako wa miaka mingine. Ukifika jioni na mshumaa wako, macho yanasoma mistari na akili haiko pale.

Halafu kuna maneno ya watu. Baba mdogo alikuwa akinikuta na karatasi zangu ananiambia bila ubaya wowote: «Mwana, benzako banasoma mine, banasoma medsini. Hii kalkili yako itakupatia kazi wapi?» Katika mji uliojengwa juu ya shaba swali hilo lina uzito, na sikutaka kulijibu kwa ukali. Nilimwambia nitafundisha, na kufundisha ni kazi. Sikuona haja ya kuongeza.

Lililoniumiza kuliko yote lilikuwa sillabusi, yaani maandishi ya somo tunayosomea. Somo la uchanganuzi tulilipata kwa fotokopi ya fotokopi, iliyopita mikononi mwa miaka kadhaa ya wanafunzi kabla yetu. Herufi zinasomeka, lakini vialama vidogo vinakufa. Kale kamstari kaliko chini ya alama ya «ndogo au sawa» kalikuwa kamefutika kila mahali, kwa hiyo hukuweza kujua kama mwandishi alisema k ni ndogo kuliko 1 au ni ndogo au sawa na 1. Katika barua ya kawaida jambo hilo lingepita. Katika teoremu ya Banach ya mwaka 1922, ile ya nukta isiyosogea, ndilo linaloamua kila kitu. Inasema kwamba ukizisogeza nukta zote, na umbali mpya kati ya nukta mbili zozote hauzidi k mara ule wa zamani, basi, k ikiwa ndogo ya kutosha, nukta moja inabaki mahali pake.

Nilikuwa na maswali mengi ya namna hiyo na hakuna wa kumwuliza siku hiyohiyo. Ndipo nilipoanza kufanya jambo ambalo baadaye lilibeba memwari yote: kila sharti la teoremu ninaliondoa, au ninalilegeza, kisha ninatafuta mfano mmoja mdogo unaoharibika. Kwa Banach mfano ulikuja haraka. Chukua mstari wote wa namba, na kila namba uisogeze kwa 1: 3 inakuwa 4, 4 inakuwa 5. Umbali kati ya namba mbili haubadiliki, yaani k ni 1 kamili, na hakuna namba hata moja inayobaki mahali pake. Basi k = 1 haitoshi. Alama iliyofutika lazima iwe «ndogo kuliko», na sikuhitaji nakala safi kulithibitisha. Siku ile nilihisi nimepewa kitu ambacho hakuna anayeweza kukikata usiku.

Faida yake kubwa ni kwamba mfano mdogo unabebeka. Uthibitisho wa kurasa tatu huwezi kuingia nao kwenye teksi-basi ukiwa umesimama umebanwa mlangoni. Swali moja unaweza: nikiondoa sharti hili, nini kinavunjika? Unatembea nalo, unachota nalo maji, unapeta nalo mchele. Nilianza kuandika maswali kwenye kikaratasi kila asubuhi, moja au mawili tu, na ile foleni niliyokuwa nikiilaani ikawa ndiyo saa yangu ya kazi. Saa za kukaa mezani, chache kama zilivyokuwa, zikabaki kwa kuandika kile nilichokwisha kukielewa njiani.

Memwari yangu ilihusu tatizo la Cauchy: unapewa mlinganyo unaosema kitu kinabadilika kwa kasi gani, unapewa na hali yake ya mwanzo, kisha unauliza kama suluhisho lipo, na kama ni moja tu. Peano alionyesha mwaka 1890 kwamba ikiwa fanksheni ya kasi haina mikatiko, suluhisho lipo, angalau kwa muda mfupi. Ili liwe moja tu, tunaweka sharti zaidi, lile la Lipschitz: tofauti ya kasi isizidi tofauti ya hali mara namba fulani isiyobadilika. Sillabusi iliandika sharti hilo kwa mstari mmoja, ikaendelea na safari. Mimi nilikwama hapo kwa majuma. Nilielewa kila neno na sikuona kwa nini kitu kitengane na kuwa njia mbili eti kwa sababu sharti hilo limekosekana.

Jibu lilikuwa uani kwetu. Tulikuwa na bidoni la njano, dumu la maji, lililotoboka chini kabisa, na usiku mmoja mtu alilijaza bila kujua. Asubuhi saa kumi na mbili nilimkuta mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, amesimama mbele yake.

«Yaya, maji ilishaka yote.»

«Iliisha saa ngapi?»

«Mi sijue. Tulikutaka bidoni iko mutupu.»

Nilibaki nimesimama. Torricelli alishatufundisha, tangu karne ya 17, kwamba maji yanayotoka kwenye tundu yana kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu yake. Kimo kikiwa h, na vipimo tukivichagua vizuri, mlinganyo unakuwa h' = −2√h. Sasa tazama bidoni tupu saa kumi na mbili. Pengine maji yaliisha saa tisa. Pengine saa kumi na moja. Pengine bidoni halikujazwa kamwe. Hadithi zote hizo zinatii mlinganyo uleule na zote zinaishia kwenye hali ileile, h = 0. Mdogo wangu hakuwa mzembe. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua kwa kutazama bidoni tupu.

Kwa kalamu ni hivi: suluhisho ni h = (c − t)² mpaka wakati c, halafu sifuri daima, na c unaweza kuichagua unavyotaka mradi isipite saa uliyotazama. Na Lipschitz yuko wapi? Jaribu karibu na sifuri. Kimo kikiwa 0.01, kipeuo chake ni 0.1, mara 10 zaidi. Kikiwa 0.0001, kipeuo ni 0.01, mara 100 zaidi. Ukizidi kukaribia sifuri uwiano unapanda bila kikomo, hakuna namba moja ya kuuzuia. Sharti limevunjika palepale bidoni linapokauka, na njia zinakutana palepale. Niliandika ukurasa huo siku hiyohiyo, ukawa mwanzo wa sura ya pili.

Baada ya hapo nikalitafutia bidoni wenzake. Mlinganyo y' = y², ukianza na 1, una suluhisho 1/(1 − t). Ni moja tu, safi kabisa, lakini linalipuka t inapofika 1. Hapo nikaelewa kwa nini teoremu inasema «kwa muda mfupi» na haithubutu kuahidi zaidi. Na ile njia ya Picard ya kusogelea suluhisho hatua kwa hatua niliifanya kichwani nikienda chuoni: kwa y' = y unaanza na 1, unapata 1 + t, kisha 1 + t + t²/2, na kuendelea. Ukiweka t = 1 namba zinakwenda 1, 2, 2.5, 2.666, 2.708, zikiisogelea 2.718 unayoijua tangu sekondari. Kuona namba hiyo ikijijenga yenyewe, huku umeshikilia chuma cha teksi-basi, ni furaha ambayo sijui niilinganishe na nini.

Sikuwa peke yangu. Tulikuwa wachache tuliokubaliana kufika mapema kabla ya masomo, kwenye auditwari tupu, na chaki tuliyoinunua wenyewe. Kanuni ilikuwa moja: anayesimama ubaoni hasomi karatasi. Anaeleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa cha vitabu, na wengine wana haki ya kumsimamisha: «Yaya, hapo umeruka. Rudia.» Mara nyingi mahali mtu anaporuka ndipo asipopajua. Ninawashukuru kwa kila mara waliponisimamisha.

Nyumbani nilibandika kurasa nilizozinakili upya kwa mkono ukutani, juu ya godoro. Mama hakupenda gundi, akaniachia. Nilikuwa nimesoma habari za Sofia Kovalevskaya, Mrusi aliyepata udaktari wa hesabu Göttingen mwaka 1874: utotoni, chumba chao kiliishiwa karatasi za kupamba ukuta, wakabandika kurasa za mihadhara ya hesabu ya Ostrogradsky, na yeye akawa anazitazama kwa saa nyingi bila kuzielewa bado. Baadaye jina lake likakaa pamoja na la Cauchy kwenye teoremu ya milinganyo ya fanksheni zenye vigezo vingi. Habari hiyo ilinipa nguvu kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu wasichana na sayansi.

Tatizo la mwisho lilikuwa kupiga chapa. Mwandishi wa sekretaria anapiga barua na mialiko ya harusi upesi sana, na hana kosa kama hajui kwamba t² na t2 ni vitu viwili. Lakini unalipa kwa ukurasa, unarudi kusahihisha, unalipa tena, na kila marekebisho yanaleta mengine. Aliyetuokoa ni mwenzetu aliyekuja na TeX Live, programu za kupiga chapa hesabu, kwenye flashi, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo hatukuhitaji intaneti kuiweka. Mfumo wenyewe ulianzishwa na Donald Knuth, ambaye mwaka 1977 alichukizwa na jinsi hesabu zilivyochapwa vibaya katika toleo jipya la kitabu chake, akaamua kutengeneza chombo chake mwenyewe. Nilimwelewa vizuri sana. Unaandika maandishi ya kawaida, hata kwenye simu, umeme ukiwa haupo. Kompyuta unaihitaji dakika chache tu za kuyageuza kuwa kurasa. Kwa anayeishi kwa zamu za umeme hiyo ni tofauti kati ya kumaliza na kutomaliza, na ninasikitika kwamba hatukufundishwa tangu mwaka wa kwanza.

Siku ya kutetea, mmoja wa majaji alifungua ukurasa wa bidoni. Akaniuliza: «Unasema nyuma hatujui bidoni lilikauka lini. Na mbele? Nikilijaza sasa, maji yanaweza kuisha kwa njia mbili?»

Swali hilo nilikuwa nimelibeba foleni nzima juma moja kabla. Nikachukua chaki. Tuseme kuna vimo viwili, h₁ na h₂, vinavyotii mlinganyo uleule na vilivyoanza sawa. Chukua mraba wa tofauti yao, (h₁ − h₂)². Kasi yake ya kubadilika ni −4(h₁ − h₂)(√h₁ − √h₂). Mabano hayo mawili hayapingani kamwe kwa alama, kwa sababu kimo kikubwa kina kipeuo kikubwa, kwa hiyo kasi nzima haizidi sifuri. Tofauti iliyoanza na sifuri haiwezi kukua. Mbele njia ni moja, ingawa Lipschitz hayupo.

Akatikisa kichwa kukubali, akasema niiongeze hiyo ndani ya memwari kabla ya kuiweka maktaba, pamoja na kusahihisha namba za milinganyo katika sura ya tatu. Niliiongeza usiku uleule, kwenye simu.