Senene wa Ng'ambo ya Feri

Jumamosi moja ya mwezi Novemba nilitoka Temeke asubuhi, nikashukia Kivukoni, na kwa nauli ya shilingi 200 nikavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Ningeweza kupita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2016, lakini ningekosa ule msukumano wa baiskeli, matenga ya samaki na majogoo waliofungwa miguu, ambao kwangu ndio mwanzo halisi wa safari ya kwenda ng'ambo. Rafiki yangu, fundi cherehani, alikuwa amenialika kwenye tamasha dogo la vyakula vya asili lililoandaliwa na wakazi wa mtaa wake, watu wa mikoa mbalimbali waliohamia huko kufuata viwanja. Alinitaka nije na tumbo tupu na moyo mgumu.

Meza zilipangwa chini ya miembe. Ya kwanza ilikuwa ya Wachaga, nao walikuwa na kisusio, supu inayopikwa kwa damu ya mnyama aliyechinjwa. Damu kwangu mimi Mwislamu ni haramu, hivyo nilimshukuru mpishi nikasogea. Kwa watu wa Kusini nilikula ming'oko, mizizi ya porini mfano wa viazi, ya kuchemshwa kwa chumvi na pilipili, nikafyonza na mabibo, ambayo ni matamu ila hukausha koo na kuacha doa lisilotoka kwenye kanzu. Kijana mmoja wa Kimakonde alikuwa akibanika panya. Aliponiona nikirudi nyuma alicheka, kisha akanieleza kwa utulivu kwamba huyu ni panya wa shambani, mla nafaka na mizizi, wala hana undugu na yule wa mitaroni ninayemjua mimi. Nilimsadiki, lakini sikuonja.

Nilipokaa kwa muda mrefu ni kwenye meza ya bibi mmoja wa Kihaya, aliyekuwa na sinia la senene, wadudu wa jamii ya panzi, waliokaangwa. Alisema walisafiri kwa basi kutoka Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, wakiwa wamekwisha kukaushwa ili wasiharibike njiani. Senene hutokea kwa wingi majira ya mvua, hasa Novemba na Desemba, na huruka usiku wakifuata mwanga. Kwa hiyo wategaji huwasha taa kali na kusimamisha mabati, wadudu wakagonga bati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Kazi kubwa, alisema bibi, si kuwanasa bali ni kuwanyonyoa mbawa na miguu, mmoja mmoja, mpaka vidole vife ganzi. Baada ya hapo hawahitaji mafuta mengi, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe.

"Kula, mwanangu, usiwatazame machoni," aliniambia.

Rafiki yangu alinikumbusha kwamba nzige ni halali na senene ni jamaa yake wa karibu, hoja ambayo nadhani alikuwa ameiandaa tangu nyumbani. Nilifumba macho. Kilichopasuka mdomoni kilikuwa na ladha iliyo kati ya karanga za kukaanga na dagaa wakavu, na kabla sijaamua kama nimekipenda, mkono wangu ulikuwa umerudi kwenye sinia.

Meza ya pili kutoka hapo palikuwa na pweza wa kuchemshwa. Mimi nililelewa Kilwa, ambako pweza hupigwa mawe mpaka alainike, na sijawahi kumhesabu kuwa chakula cha ajabu. Nilimpelekea bibi kipande kwenye kijiti, nikimwambia kwamba sasa ni zamu yake. Alikigeuza huku na huku, akavihesabu vile vikombe vya mkononi, akasema hajapata kuona nyama yenye vifungo.

"Hiki kina macho mangapi, mwanangu?"

"Mawili, bibi, kama senene."

Alitafuna kwa muda mrefu bila kusema neno, akameza, kisha akaniomba pilipili.

Nilirudi na pantoni ya jioni nikiwa na robo kilo ya senene kwenye mfuko wa karatasi. Mke wangu aliufungua, akaufunga, akauweka juu ya kabati, mbali kabisa na kopo la sukari.