Nyuki wangu na baridi inayokuja

Jamani leo nimeshinda kwenye mizinga tangu asubuhi, baridi ishaanza kupiga hodi. Nimeinua kila mzinga kidogo kwa nyuma kusikilizia uzito, miwili iko poa asali ipo ya kutosha, ila mmoja mwepesi mpaka nikaogopa, nikaupa shira nzito, kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji, mapema kabla baridi haijakaza maana wakishajikusanya pamoja kupashana joto hawaachani tena kuja kunywa. Milango nimeipunguza panya wasiingie. Juu nimeacha kiupenyo cha hewa, mwaka jana niliziba kila tundu nikidhani nawasaidia kumbe unyevu ukawadondokea, nikapoteza kundi zima, iliniuma sana. Sasa siwafungui tena, nabandika tu sikio ubavuni niwasikie wanavyovuma.