Mke wa Ayubu naye alizika kumi

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Ayubu 2:9-10.

Huyu mama tumemsema sana mimbarini. Mhubiri akitaka mfano wa mke asiye na imani, humchukua yeye: "Umkufuru Mungu, ukafe." Mimi pia nimemhubiri hivyo. Lakini rudini sura ya 1 mhesabu: wana 7 na binti 3 walikufa siku moja, kwa upepo mmoja. Watoto hao walitoka tumboni mwa nani? Kondoo 7,000 na ngamia 3,000 walikuwa riziki ya nyumba ya nani? Kisha mume akaketi majivuni akijikuna kwa kigae. Marafiki watatu wakaja kumfariji Ayubu. Aliyempa mama pole hatuoni.

Hapa kwetu Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, namkumbuka kila muhula wa kwanza wa shule ukifunguliwa. Ada haijatimia, pikipiki ya mkopo inadai kila wiki, biashara mpakani imelala. Baba anaingia, mama anauliza, "Umeleta sukari?" Swali la sukari tu. Baba mwenye msongo wa mawazo anasikia, "Wewe si mwanaume." Anafoka, mama naye anajibu, wanalala wamegeuziana migongo. Miezi ikipita baba anachelewa kurudi makusudi, mama anapeleka habari kwao. Wazee wakiwakalisha, kila mmoja anataja makosa ya mwenzake. Deni halitajwi na yeyote.

Sasa tazameni jibu la Ayubu. Ni kali, nakiri, ingawa hamwiti mpumbavu; anasema wanena kama mmoja wa wanawake wapumbavu. Halafu: "Je! Tupate mema mkononi mwa Mungu, nasi tusipate na mabaya?" Tupate. Majipu mwili mzima, mke amemtakia kufa, na bado anasema "tu", yaani sisi, mimi nawe.

Juzi hiyo "tu" ilinishinda. Mke wangu aliuliza habari ya ada, nikamwambia, "Hayo ni mambo yako." Watoto ni wangu pia, jamani! Asubuhi nikatoa daftari la madeni nililokuwa nalificha, nikaliweka mezani kando ya chai, tukalisoma pamoja. Hatujalipa hata moja.

Sura ya 42 Ayubu anapata tena wana 7 na binti 3. Nimetafuta, sijaona mahali kitabu kinapotaja mke mwingine.